SOMO LA WANACHAMA: UAMINIFU KATI YA MTAZAMA NDEGE NA MWONGOZAJI WAKE



Masomo yatolewayo kwa vyama vyetu huhusu zaidi mazao yanayopimika. Kahawa hupimwa kwa kilo, maziwa kwa lita, pamba kwa kilo na kwa daraja. Mwanachama akiishuku mizani aweza kuomba zao lake lipimwe tena mbele ya macho yake. Somo hili lahusu bidhaa isiyopandishwa juu ya mizani, nayo ni neno la mtu anayemwongoza mgeni msituni kutazama ndege.

Huenda mwanachama akauliza: ndege na ushirika vina uhusiano gani? Uhusiano upo, na ni wa namna mbili. Kwanza, katika vijiji vilivyo kando ya misitu yetu, wako wanachama na vijana wao ambao wameifanya kazi ya kuongoza wageni kuwa sehemu ya riziki yao, sambamba na shamba la iliki, chai au mihogo. Pili, matatizo ya kazi hiyo ndiyo matatizo ya kila chama kinachouza huduma: fundi seremala, dereva, mpima ardhi, hata katibu mwenyewe. Kwa mwongozaji wa ndege matatizo hayo huonekana wazi zaidi, kwa kuwa bidhaa yake huruka na kutoweka kabla mnunuzi hajaigusa.

1. NI KITU GANI KINACHOUZWA?

Misitu ya milima ya Usambara, Uluguru na Udzungwa hapa Tanzania, pamoja na msitu wa Arabuko-Sokoke ulio pwani ya Kenya karibu na Malindi, ina ndege wasiopatikana mahali pengi duniani. Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, nao ni kipande kikubwa kilichobaki cha misitu mikavu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo huishi bundi mdogo wa Sokoke, ambaye wataalamu walimwandika kwa mara ya kwanza mwaka 1966, na ambaye baadaye alionekana pia chini ya milima ya Usambara Mashariki. Katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa mwaka 1997, yupo ndege mdogo mwenye mdomo mrefu aliyepewa jina la Moreau, mtafiti Mwingereza aliyefanya kazi Amani kuanzia mwaka 1928. Ndege huyo hujificha katika mitambaa minene, na mara nyingi husikika bila kuonekana.

Mtazama ndege aweza kusafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya kumwona ndege mmoja wa jinsi hiyo. Anayo darubini nzuri na kitabu chenye picha, lakini haujui msitu. Bundi wa Sokoke ana urefu usiozidi shubiri moja, na mchana hulala katika kichaka akifanana na jani kavu. Mgeni aweza kupita chini yake mara kumi asimwone. Mwongozaji anayejua mahali alipolala humfikisha hapo kwa nusu saa.

Elimu hii ya wenyeji ni mali kamili. Mwaka 1991 watafiti kutoka Denmark waliokuwa wamepiga kambi katika milima ya Udzungwa waliona miguu ya ndege wasiyemfahamu ndani ya sufuria ya chakula. Ndege huyo alikuwa kwale ambaye hakuwa amepata kuandikwa katika kitabu chochote cha elimu ya ndege, na maelezo yake yakatolewa rasmi mwaka 1994. Watu waliomtega wamtie chunguni hawakuona ajabu yoyote, kwani kwao alikuwa kitoweo.

Basi mgeni amwajiripo mwongozaji hununua vitu vinne: muda wake, macho na masikio yake, ujuzi wake wa njia, na neno lake. Muda hupimwa kwa saa. Macho na ujuzi wa njia huonekana katika mwendo. Neno peke yake halipimiki, nalo ndilo kiini cha biashara yote. Mwongozaji anyooshapo kidole na kusema, "Yule pale, ndiye," au asikilizapo sauti moja kati ya sauti ishirini na kusema, "Huyo ndiye uliyemfuata," mgeni huandika jina katika daftari lake. Siku hizi daftari hilo mara nyingi halibaki mkobani. Orodha ya mgeni yaweza kuingizwa katika hazina ya kumbukumbu kama ile ya eBird, iliyoanzishwa Marekani mwaka 2002, nayo hutumiwa na wataalamu wanaotaka kujua ndege gani wangalipo na wapi. Kwa hiyo neno lililosemwa kijijini laweza kufika mezani pa mtu anayeamua msitu upi ulindwe kwanza.

2. FUNZO LA MLEMBE

Wazee wetu waliujua ushirika kati ya ndege na mtu zamani sana. Mlembe ni ndege ampelekaye mrina asali penye nyuki. Huita, huruka mbele kidogo, hungoja, kisha huita tena. Mrina hutoa asali, na mlembe hupata nta. Mlembe hana uwezo wa kuwafukuza nyuki. Mtu hana uwezo wa kuuona msitu kutoka juu.

Mambo haya yamepimwa kwa hesabu. Utafiti uliotangazwa mwaka 1989, ambao mmoja wa waandishi wake alikuwa Mkenya Hussein Isack, ulifanywa miongoni mwa Waborana wa kaskazini ya Kenya. Uligundua kwamba mrina asiyeongozwa na ndege alihitaji wastani wa saa 8.9 kupata nyuki, bali aliyeongozwa alihitaji saa 3.2 tu. Mwaka 2016 utafiti mwingine ulitolewa kuhusu Wayao wa Niassa, Msumbiji, ambao ni ndugu wa Wayao wa kusini ya Tanzania. Warina wao wana mlio maalumu wanaourithi kwa wazee. Mlio huo ulipotumiwa, nafasi ya kuongozwa na mlembe iliongezeka kutoka asilimia 33 hadi 66. Na nafasi ya kuonyeshwa nyuki, kwa jumla, iliongezeka kutoka asilimia 16 hadi 54.

Ndugu wanachama, hesabu hizo zatufundisha nini? Zatufundisha kwamba uaminifu una faida inayohesabika kwa saa. Vilevile zatufundisha kwamba uaminifu huhitaji ishara inayojulikana na pande zote mbili, na ujira unaolipwa palepale. Katika sehemu nyingi za Afrika watu husema kwamba mrina akimnyima mlembe fungu lake, siku nyingine ndege huyo atampeleka kwa nyoka au kwa chui. Ndege hafanyi hivyo, lakini usemi huo una hekima: anayedhulumu mwongozaji wake asishangae akiongozwa vibaya.

3. UONGO SI TABIA YA MASKINI

Yako maneno yasemwayo na baadhi ya wageni, na kwa bahati mbaya yakarudiwa na sisi wenyewe, kwamba mwongozaji wa kijijini hudanganya kwa sababu ya umaskini. Yafaa tuyatazame maneno hayo kwa makini, maana historia ya elimu ya ndege yaonyesha kwamba udanganyifu mkubwa kuliko wote ulifanywa na watu wenye mali na vyeo.

Mfano wa kwanza watoka Uingereza. Kati ya mwaka 1892 na 1930, ndege wengi wa nadra walidaiwa kupatikana karibu na mji wa Hastings. Wakati huo matajiri walilipa bei kubwa kwa ngozi ya ndege wa nadra aliyepigwa ndani ya Uingereza, ingawa ndege wa aina ileile akitoka nje alikuwa wa bei ndogo. Neno moja tu, "amepatikana hapa," ndilo lililopandisha bei. Mwaka 1962 jarida la British Birds lilichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba kumbukumbu hizo hazikuweza kuaminika, na mamia yake yakafutwa. Pamoja na zilizo za uongo, zilifutwa na nyingine ambazo huenda zilikuwa za kweli, kwa kuwa hapakuwa na njia ya kuzitenga.

Mfano wa pili watugusa zaidi. Richard Meinertzhagen alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza katika Kenya. Tarehe 19 Oktoba 1905 alimwua Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, katika mkutano uliokuwa umeitwa kwa ajili ya mapatano. Baadaye alipata sifa kubwa kama bingwa wa ndege, akatoa maelfu ya ngozi za ndege kwa jumba la makumbusho la Uingereza. Alifariki mwaka 1967 akiwa na heshima zake. Kuanzia mwaka 1993 wataalamu Alan Knox, Pamela Rasmussen na Robert Prys-Jones walithibitisha kwamba baadhi ya ngozi alizitwaa katika makusanyo ya wengine, akabandika karatasi mpya zenye tarehe na mahali pa uongo.

Hasara ya jambo hilo yaonekana katika habari ya bundi mmoja wa msituni nchini India. Ndege huyo alikuwa amepatikana kwa hakika mara ya mwisho mwaka 1884. Meinertzhagen alidai kumpata mwaka 1914 katika sehemu nyingine ya nchi. Rasmussen alipogundua kwamba dai hilo ni la uongo, aliliweka kando, akaenda na wenzake kutafuta mahali palipotajwa na kumbukumbu za zamani zilizo za kweli. Mwaka 1997 wakamwona bundi huyo akiwa hai. Mstari mmoja wa uongo katika daftari uliwapeleka watu mahali pasipo bundi kwa miaka mingi. "Mali bila daftari huisha bila habari," walisema wahenga. Nasi twaweza kuongeza kwamba daftari la uongo huipoteza mali huku mwenyewe akidhani anayo.

Basi tusimwonee mwongozaji wa kijijini, wala tusimtetee kwa umaskini wake. Tumtazame kama tunavyomtazama mpimaji wa pamba: mtu mwenye dhamana, anayestahili taratibu zitakazomsaidia kuwa mkweli.

4. WAJIBU WA MWONGOZAJI

Wajibu wa kwanza ni kutenganisha aina tatu za maneno: "nimemwona," "nimemsikia," na "nadhani ndiye." Mwongozaji anayesema "nadhani" mara tatu kwa siku hapunguzi heshima yake. Huongeza uzito wa neno lake siku asemapo "nimemwona."

Hapa pana shida inayotokana na adabu zetu. Sisi tumefundishwa kutombishia mgeni, hasa akiwa mtu mzima. Mgeni aangaliapo kichaka akasema, "Yule ni bundi wa Sokoke, sivyo?", kijana wetu huona ni utovu wa adabu kumjibu, "La, si yeye." Hujibu, "Ndiyo, mzee," kwa nia njema kabisa. Yeye ametoa heshima. Mgeni amepokea ushahidi. Kwa hiyo yafaa vyama viwafundishe waongozaji maneno ya kukana kwa heshima, kwa mfano: "Samahani, mzee, mimi sikumwona vema, tusimwandike bado." Heshima na kweli zaweza kukaa katika kinywa kimoja.

Wajibu wa pili ni kwa ndege mwenyewe, ambaye hana kiti katika mkutano mkuu. Kwa muda mrefu waongozaji wametumia vinasa sauti, na sasa simu, kupiga sauti ya ndege ili ndege wa kweli ajitokeze. Yafaa kila mmoja aelewe maana ya tendo hilo. Dume akisikia sauti ya mwenzake ndani ya eneo lake hudhani amevamiwa. Huacha kula, huacha kulinda jike na makinda, hukimbilia kupambana na adui asiyekuwapo. Tendo likifanywa mara moja kwa muda mfupi, huenda lisilete madhara makubwa. Likifanywa kila siku, kwa ndege yuleyule, na vikundi vinne vya wageni, ni mateso, na hasa wakati wa kutaga. Kadhalika bundi aliyelala: akitikisiwa tawi ili afumbue macho kwa ajili ya picha, siku moja atahama, na mwongozaji atakuwa ameikata kwa mkono wake mwenyewe miwa ya msimu ujao.

Wajibu wa tatu ni kutunza siri. Mahali pa kiota hapatajwi hovyo. Wapo wageni wa kweli, na wapo wanaotafuta mayai, makinda au ndege hai kwa ajili ya kuuza. Nchini kwetu kukamata wanyamapori, wakiwamo ndege, bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Mwongozaji anayeuza habari ya kiota kwa mtu asiyemjua hana budi kujua kwamba ameuza mali isiyo yake peke yake.

Wajibu wa nne ni kwa majirani. Njia ya kwenda msituni hupita katika mashamba ya watu. Mgeni akiingizwa katika shamba la iliki bila ruhusa, akakanyaga miche kwa kuangalia juu ya miti, hasira ya mwenye shamba itaangukia chama chote.

5. WAJIBU WA MGENI

Uaminifu wa upande mmoja si uaminifu, ni utumwa. Mgeni naye ana wajibu wake, na chama kina haki ya kumweleza wajibu huo kabla ya safari kuanza.

Kwanza, alipe kilichokubaliwa, hata ikiwa ndege hakuonekana. Mkulima hulipia kulima hata kama mvua haikunyesha. Mwenye trekta hakuahidi mvua. Pili, asimshawishi mwongozaji kuvunja kanuni. Mgeni asemapo, "Piga ile sauti mara moja tena, nitakuongezea kitu," yeye ndiye mkosaji wa kwanza, kwani ameweka fedha upande mmoja wa mizani na kanuni upande wa pili, mbele ya mtu mwenye ada ya shule ya kulipa. Tatu, akumbuke mahali alipoipata habari. Iko tabia ya mgeni kuongozwa hadi penye ndege wa nadra, kisha kutangaza mahali hapo hatua kwa hatua ili wenzake waje wenyewe bila mwongozaji. Huko ni kuchukua mbegu za jirani na kusahau jina lake. Nne, aandikapo habari za safari yake, amtaje aliyemwonyesha, kwa ridhaa yake. Elimu ya mwongozaji yastahili kutajwa kama inavyotajwa elimu ya bwana mwenye shahada.

Tano, mgeni anayekuja kupitia kampuni ya safari aulize kama mwongozaji wa kijijini amelipwa. Mara nyingi mgeni hulipa fedha nyingi mjini akiamini kwamba kila mtu amepata haki yake, kumbe mwongozaji hungoja ujira wake kwa miezi. Hapo pande mbili zilizo njema hutazamana kwa mashaka kwa kosa la mtu wa tatu asiyekuwapo.

6. KULIPIA SIKU AU KULIPIA NDEGE?

Sasa twafika katika jambo ambalo mkutano mkuu waweza kulitengeneza kwa azimio moja. Tuchukue mfano wa chama cha waongozaji 12. Mfano huu ni wa kufundishia tu.

Mpango wa kwanza: mgeni hulipa shilingi 30,000 kwa siku, na shilingi 10,000 zaidi kwa kila ndege wa nadra atakayeonyeshwa. Kwa mtazamo wa kwanza mpango huu waonekana wa haki, kwani mwenye bidii hupata zaidi. Lakini tazameni kinachotokea saa kumi na mbili jioni. Giza laingia. Sauti moja yasikika mbali. Mwongozaji hana hakika. Akisema "ndiye," apata shilingi 10,000. Akisema "sijui," hapati kitu. Mgeni naye aweza kumwona ndege vizuri na kusema hakumwona, ili asilipe. Mpango wenyewe umewapa wote wawili sababu ya kusema uongo, na hakuna mashahidi ila miti. Tena, kwa kuwa ndege mmoja anayejulikana mahali alipo ni shilingi 10,000 za hakika, kila mwongozaji atapeleka kila mgeni kwa bundi yuleyule.

Mpango wa pili: mgeni hulipa shilingi 60,000 kwa siku nzima, ndege aonekane asionekane. Fedha hulipwa kwa chama, kwa stakabadhi. Mwongozaji hupata asilimia 75, yaani shilingi 45,000. Chama hupata asilimia 15, yaani shilingi 9,000, kwa matumizi na mafunzo. Asilimia 10, yaani shilingi 6,000, huingia katika mfuko wa kijiji, kwa mfano kusaidia ada za wanafunzi au kutengeneza njia. Mwezi wenye safari 14 huleta shilingi 840,000: waongozaji 630,000, chama 126,000, mfuko 84,000. Katika mpango huu neno "sijui" halina gharama yoyote, na kweli imekuwa rahisi kuisema.

Baadhi yenu mtauliza: je, mvivu hatanufaika? Atatembea polepole, alale chini ya mti, kisha adai shilingi 45,000. Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni usimamizi wa chama: zamu inayofuatwa, mafunzo ya kila msimu, mwongozaji mpya kutembea na mzoefu kwa muda uliowekwa, na maoni ya wageni kusomwa katika kamati. Mvivu huonekana baada ya safari chache. Mwongo hodari huchukua miaka kuonekana, kama tulivyoona katika habari ya Meinertzhagen. Tukilazimika kuchagua hatari moja, tuchague ile tunayoweza kuiona.

Kuhusu bakshishi, shauri ni hili: mgeni akimpa mwongozaji zawadi kwa moyo wake, ni ya mwongozaji, lakini iandikwe. Bakshishi isiyoandikwa huzaa mashaka kati ya wanachama wenyewe, na kuwafanya wagombee zamu za wageni wa mataifa fulani.

7. DAFTARI LA SAFARI

Kila chama kinachoongoza wageni kiwe na daftari la safari lenye nafasi zifuatazo:

(a) Tarehe, jina la mwongozaji na nambari ya zamu.
(b) Idadi ya wageni na kampuni iliyowaleta, kama ipo.
(c) Malipo, na nambari ya stakabadhi.
(d) Ndege wa nadra, katika safu tatu: ameonekana, amesikika, hana hakika.
(e) Mahali, kwa jina la eneo kubwa tu. Kiota kisiandikwe katika daftari linaloonyeshwa wageni.
(f) Kama sauti ya simu ilitumiwa, mara ngapi.
(g) Maoni ya mgeni na sahihi yake. Maoni ya mwongozaji na sahihi yake.

Katibu ataona kwamba nafasi ya (d) humsaidia sana mwongozaji mkweli. Safu ya "hana hakika" ikiwa tupu kwa mwaka mzima, kamati ina sababu ya kuuliza. Hakuna binadamu aliye na hakika siku zote msituni.

Nafasi ya (g) nayo ina pande mbili kwa makusudi. Mwongozaji asiwe mtu wa kushtakiwa tu; awe na mahali pa kuandika kwamba mgeni alimlazimisha, alimtukana au alikataa kulipa. Lalamiko lolote, la upande wowote, lisikilizwe na kamati mapema iwezekanavyo, pande zote zikiitwa au kuandikiwa. Kamati ipambanue kosa na uongo. Mwongozaji aliyekosea jina la ndege afundishwe, na mgeni aandikiwe kusahihishiwa orodha yake. Aliyesema uongo kwa kujua asimamishwe zamu kwa muda utakaokubaliwa na masharti ya chama, na mgeni arudishiwe fedha kutoka katika fungu la mwongozaji huyo. Wanachama 11 waliobaki wasione huruma isiyo na kipimo. Mgeni aliyedanganywa na mmoja hasemi, "Nilidanganywa na fulani." Husema, "Nilidanganywa na watu wa kijiji kile."

8. ASILI YA USHIRIKA NI KIPIMO CHA HAKI

Ndugu wanachama, jambo hili si geni katika ushirika. Wafumaji na mafundi wa Rochdale, Uingereza, walipofungua duka lao mwezi Desemba mwaka 1844, hawakuwa na bidhaa nyingi: siagi, sukari, unga wa ngano na unga wa shayiri. Wafanyabiashara wengi wa wakati ule walichanganya vyakula na vitu vibaya na kupunja vipimo. Watu wa Rochdale waliamua kuuza bidhaa safi kwa kipimo kamili. Uamuzi huo ndio uliokifanya chama chao kuwa kielelezo kwa dunia.

Mwongozaji asemaye "hapana, si yeye" wakati mgeni anatamani sana kusikia "ndiye," amefanya tendo lilelile: ametoa bidhaa safi kwa kipimo kamili. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mwenyeji hapati kupona kwa mgeni wa siku moja anayeondoka akiwa na orodha ya uongo. Hupona kwa mgeni anayerudi, na kwa yule anayetumwa na mwenzake kwa maneno haya: "Nenda kwa watu wale, wasipomwona ndege, watakwambia hawakumwona."

MASWALI YA KUJADILI KATIKA VIKUNDI

1. Mwongozaji amesikia sauti ya ndege wa nadra, mgeni hakuisikia, na ndege hakurudia. Iandikwe katika safu gani, na kwa nini?

2. Mgeni ametoa malalamiko kwamba hakuonyeshwa bundi, naye anadai nusu ya fedha zake. Daftari laonyesha safari ilichukua saa zote zilizokubaliwa. Kamati imjibu nini?

3. Kampuni ya safari imechelewesha malipo ya waongozaji kwa miezi 3, lakini huleta nusu ya wageni wote. Je, chama kiendelee kupokea wageni wake? Kwa masharti gani?

4. Bundi wawili wanaojulikana mahali pao pa kulala wametembelewa na vikundi 5 kwa siku moja. Tungeni azimio la mkutano mkuu la kuweka kikomo, mkieleza pia nani atapoteza mapato na jinsi atakavyosaidiwa.

5. Mwanachama mzee, anayeheshimiwa na wote, amegunduliwa kuwa aliandika ndege ambao hakuwaona. Je, masharti yamhusu sawasawa na kijana wa mwaka wa kwanza?

6. Katika chama chenu, hata kama hakiongozi wageni, ni huduma gani inayotegemea neno la mtu mmoja bila kipimo? Ni daftari gani linaloweza kumsaidia mtu huyo kuwa mkweli?

Makatibu waombwa kusoma somo hili katika mkutano wa wanachama, kugawa wanachama katika vikundi visivyozidi watu 10, na kuandika majibu yao katika kitabu cha kumbukumbu za mkutano. Mkaguzi atakapofika, ataomba kuyaona.